Tanuru Langu na Povu la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Meneja katukusanya uani. Kiwanda chetu cha nondo, anasema, kinabugia mafuta na kutema moshi mpaka wakaguzi wa mazingira wametuonya: tusipopunguza, wanatufunga. Atakayepunguza zaidi atakuwa msimamizi wa nishati. Ofisi, na kiti kinachozunguka. Mimi nimelisimamia tanuru tangu meneja huyu anavaa kaptula za shule. Nani mwingine?

Jumanne, 4 Juni
Shemeji, ndiye nani mwingine. Mdogo wa mke wangu, fundi wa mabomba ya hewa, niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu huu. Kutwa kazunguka na ndoo ya povu la sabuni, anapaka maungio ya mabomba. Panapofura mapovu, hewa inavuja, anakaza. Eti pampu ya hewa inahangaika kujaza kinachovuja, na umeme unateketea bure. Nikamuuliza kama akimaliza mabomba atatufulia na ovaroli. Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alimshika bega.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa. Anayekula mafuta humu ni tanuru. Nikishusha moto, mafuta yanapungua, moshi unapungua. Hesabu ya chekechea. Mwendesha vinu, yule anayebana chuma kiwe nondo, akanionya kwamba chuma kisichoiva hakibaniki. Nikamwambia nimekula chumvi nyingi, asinifundishe kupika. Nikashusha. Mchana bomba la moshi lilikuwa safi kama la nyumba isiyo na unga.
Nimemwambia mke wangu aanze kuniita msimamizi. Kasema mdogo wake naye kamwambia hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Juni
Hujuma. Pande la kwanza la chuma lilitoka tanuruni likiwa na wekundu wa kufifia, likaingia vinuni, likakwama. La pili likalipanda mgongoni. Vinu vikanguruma, vikazima. Kiwanda kizima kimesimama, vibarua wamerudishwa nyumbani. Tumekata chuma kwa gesi hadi mwisho wa zamu, na tanuru muda wote linawaka kwa hasara, maana likipoa ghafla matofali yake yanapasuka. Moshi mweusi tii.
Meneja akaniuliza, "Nani kashusha moto?"
Nikamjibu mafuta ya siku hizi hayana nguvu. Mwendesha vinu akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na jina langu ndani yake.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji ndiye msimamizi. Mimi nambebea ndoo. Mke wangu anasema ningefukuzwa kama mdogo wake asingenipigia magoti kwa meneja. Nani alimtuma? Mtu anaharibu heshima yako, halafu unatakiwa umshukuru.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kaniomba, kwa adabu ya kuudhi, tuzibe ufa kwenye mlango wa tanuru. Joto linatorokea hapo, anasema. Nikamweleza ufa huo upo tangu nianze kazi na haujawahi kumkosea mtu. Tukauziba. Mafuta yakapungua kweli, chuma kikaiva, nondo zikatoka zimenyooka. Meneja akampongeza. Yeye! Na ufa ni wangu, nimeutunza miaka yote.
Hata hivyo nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Jumatano nilishusha moto mwendesha vinu akijua. Jumatatu nashusha bila kumwambia mtu.