Printa Ilipokataa Kiswahili Sanifu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si nguo hasa. Heri zingekuwa nguo.)

Mnaujua ule ubao wetu wa mtandao, pale walimu na makarani wa vyuo vya kompyuta vya Kisii na Nyamira huulizana maswali mashine zikikataa kazi. Mnajua pia ulivyokuwa. Kila barua kichwa chake "Saidia!" au "Imekataa". Nini kimekataa? Hakuna ajuaye. Swali moja limeulizwa mara tisa, limejibiwa mara tisa, na wa kumi bado halioni jibu. Nikajitolea kuupanga ili majibu yapatikane upesi. Tatizo ni kwamba kabla ya kompyuta nilifundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja. (Hapo ndipo balaa lilipoanzia.)

Nilisafisha wiki tatu. Kompyuta nikaiita tarakilishi. Wiki ya pili nikabadili mawazo, ikawa ngamizi. Mausi ikawa puku. Printa ikawa kichapishi, halafu kipiga chapa, halafu sikumbuki. Nilijiona bingwa!

Leo asubuhi wakuu wa vyuo vya Keroka na Ogembo walifika hapa chuoni kwetu Nyamira kumchagua msimamizi rasmi wa ubao, mtu wa kulipwa, mwenye ofisi na simu yake. Mgombea nilikuwa mimi peke yangu. Suti niliipiga pasi mara mbili. Ofisi ile niliitaka kupita kiasi.

Bi. Kerubo, mkuu wetu, akaanza kuchapisha ratiba ya mkutano. Printa ikalia krrr, ikanyamaza.

"Vizuri sana!" akasema. "Mwalimu, sasa wageni waone vile jibu hupatikana."

Nikamwachia atafute ubaoni mwenyewe, ili waone urahisi wake. Akaandika: printa imekataa.

Hakuna kilichopatikana.

"Andika kichapishi," nikasema, nikitabasamu.

Hakuna.

"Basi kipiga chapa."

Hakuna! Mkuu wa Ogembo akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, tunatafuta jibu ama tunatafuta jina?" Nikacheka pamoja na wenzake. (Sijui nilikuwa namcheka nani.)

Mwishowe nikakumbuka: mtambo wa chapa! Ikatokea barua moja tu, "Mtambo wa Chapa Kukaidi Amri: Ufumbuzi Kamili". Nikapiga makofi, peke yangu. Bi. Kerubo akaifungua, akaisoma kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani:

"Jibu limefutwa kwa kukosea ngeli. Mwandishi ajisahihishe. Wenu, Msimamizi."

Mkuu wa Keroka akageuka. "Na huyu msimamizi ni nani?"

Wote walikuwa wananitazama mimi.

Hapo Moraa, karani wetu, akaongea kutoka mezani kwake karibu na dirisha. "Hiyo jibu ilikuwa yangu. Niliandika, toa ile kitu ya bluu hapo nyuma, rudisha, washa tena. Mwalimu akafuta, akasema ni kile kitu. Nikarekebisha. Akafuta tena, eti bluu nayo niite samawati. Nikachoka."

"Lakini Moraa," nikasema (mdomo wangu huu!), "jibu hilo, si hiyo jibu."

Bi. Kerubo akafumba macho.

Moraa akainuka, akachomoa kidude cha bluu nyuma ya printa, akakirudisha, akawasha. Ratiba zikatoka zote, moja baada ya nyingine. Wageni wakampigia makofi ya kweli.

Kura haikuchukua hata dakika tano. Moraa hakuwa mgombea, hakuwa hata na suti, lakini ubao, ofisi na simu ni vyake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandika barua hii: "PRINTA IMEKATAA? TOA ILE KITU YA BLUU." Kufikia saa saba mchana vyuo vyote vilikuwa vimeiona, na Ogembo wameandika asante, yao imepona. Nimeumia, sitawaficha. Nimeisoma mara nne nikitafuta pahali isipoeleweka.

Basi mkitaka kunicheka, nichekeeni huku kwenye barua pepe. Ubaoni msithubutu. Sina tena uwezo wa kufuta.