Nyani Wabaki Upande Wao wa Mpaka

Kwa Bwana Mkuu wa Hifadhi ya Msitu,

Mheshimiwa, natumaini u mzima. Mimi si mzima sana. Ni yule fundi seremala mwenye karakana inayopakana na msitu wako, niliyekaa kimya kikaoni mlipotuuliza faida na hasara zake. Mama mkwe aliusifu kwa kuni anazookota kila Jumanne. Mke wangu aliusifu kwa mizinga yake ya nyuki. Shemeji, anayetembeza wageni humo, aliusifu mpaka akatoa machozi. Nilinyamaza kwa adabu, na sasa adabu imeniishia.

1. Nyani wako huingia karakanani bila hodi. Wamechukua futi kamba mbili na penseli zangu zote. Mmoja huchomeka penseli sikioni kama mimi, na wateja wanasema imempendeza zaidi.

2. Juzi nilianika nje kitanda cha bi harusi, vanishi ikauke. Ukoo mzima wa nyani ukakilalia, wazee kwa watoto. Bi harusi amekikataa, na mama yake ameniita majina yasiyofaa kuandikwa kwenye barua ya ofisi.

3. Nyumbani sina mtetezi. Nikilalamika, mke wangu ananiuliza asali ya kwenye chai yangu imetoka wapi. Swali hilo halinitendei haki.

4. Karakana hii ndiyo inayonilisha, ikifa nimekwisha. Kwa hiyo naomba mpaka upimwe upya, jiwe kwa jiwe. Yeyote atakayekutwa upande usio wake, awe na mkia au hana, aondolewe siku hiyohiyo na vitu vyake vyote. Akilia, msimsikilize.

Nisalimie walinzi wote, karani wako, na dereva anayenipungia mkono kila asubuhi.

Wako mtiifu hata katika kero,
Fundi Seremala, karakana ya mwisho kabla ya msitu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mlinzi wako amepita akiulizia jiwe la mpaka namba kumi na nne, lililopotea miaka minne sasa. Lipo. Linashikilia mguu wa meza yangu ya kazi. Nililing'oa mwenyewe ng'ambo ya njia, upande wa kijijini, hatua ishirini mbele ya mlango wangu, nikidhani ni jiwe tu. Nimehesabu hatua hizo mara tatu, na kila mara karakana inabaki msituni. Mheshimiwa, namba nne niliiandika kwa hasira, ifute. Nyani ni majirani wavumilivu sana. Kitanda nimewaachia.