Chumba Kisichotaka Vumbi

Symphorien aliuza cherehani ya mke wake, na mke akarudi kwa mama yake, mtaa wa Panda. Shida ni hiyo, haina kona.

Hadassa alifunga nguo zake katika kitenge kimoja, akasimama mlangoni na kusema bila kupandisha sauti: "Siku mashini itarudia, minye nitarudia. Usikuje na mikono mitupu." Wiki sita zikapita. Mtu huzoea kula mara moja kwa siku, na mwaka ule mji mzima wa Likasi ulikuwa umezoea, lakini kitanda chenye upande mmoja hakizoeleki.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo pesa ya asubuhi ilikuwa karatasi ya kufungia karanga ikifika jioni. Watu wenye akili waliweka mali yao katika vitu. Cherehani ya Hadassa ilipita kwa fundi mmoja wa sokoni, kisha ikaishia kwa Mama Clotilde, mwuza samaki wa ziwa Tshangalele, ambaye aliifungia ndani ya ghala lake la mtaa wa Kikula. Ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwake kwa kamba. Aliuvaa sokoni, aliuvaa kanisani, na majirani waliapa kwamba aliuvaa hata akioga.

Symphorien alikuwa tapeli. Tuseme wazi, yeye mwenyewe hakukasirika akiitwa hivyo, mradi mtu aongeze kwamba ni tapeli mwenye suti. Suti ilikuwa moja, ya kijivu. Viatu jozi moja, vya ngozi. Baiskeli moja. Ulimi wake ndio ulikuwa wa kutosha watu wanne.

Nafasi yake ilikuja Jumamosi moja, mbele ya chupa ya bia waliyogawana yeye na jirani yake Rémy. Huyu Rémy alikuwa fundi wa maabara katika taasisi moja ya wahandisi pale mjini. Profesa wake, mgeni, alikuwa ametengeneza humo vidude vya shaba vyembamba kuliko unywele, vya kupimia joto la tanuru. Kisha vurugu zikaja, profesa akapanda gari na hakuonekana tena. Mshahara ukamfuata profesa. Rémy akabaki. Kila asubuhi alikwenda kufuta meza, kwa sababu umeme wa maji ulikuwa bado unafika na mashine ya upepo safi ilikuwa bado inazunguka.

"Chumba chetu hakitaki vumbi," Rémy alisema. "Kuingia, unavua bilato ya miguu, koti, patalo, vyote. Unavaa nguo nyeupe. Hata profesa alikuwa anaacha saa yake na funguo inje."

Symphorien aliweka glasi chini polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbinguni.

"Na funguo?"

"Funguo njo mbaya sana. Iko na kutu."

"Rémy, ndugu yangu. Nikikuletea jiwe la kupima, utapima?"

Macho ya Rémy yalilowa. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyemletea hata punje ya mchanga. "Lete," alisema. "Lete hata kesho."

Jumatatu asubuhi, sokoni, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu aliinama mbele ya samaki wa Mama Clotilde. Alijitambulisha kuwa Docteur Éphraïm, mtaalamu wa vitu vidogo, kutoka Lubumbashi. Alijua kile ambacho soko zima lilijua: mama huyu alikuwa akiwapa wachimbaji samaki na kupokea mawe meusi, magunia tisa sasa, na kila mnunuzi alimwambia kwamba kobalti yake ni kidogo.

"Banakuibia, mama," alisema Docteur. "Macho ya mnunuzi haioni kobalti. Mashini yetu inaona mpaka roho ya jiwe. Inatoa karatasi yenye muhuri, na mnunuzi hawezi kubisha na muhuri."

"Inaona asilimia ngapi?"

"Weye unapenda ngapi?"

Mama Clotilde alifukuza nzi. "Minye ni mwanamke wa kanisa, docteur. Siombi mingi. Kumi na mbili."

"Mashini haidanganyi, mama. Lakini ukiwa mbele yake wewe mwenyewe, na jiwe lako mkononi, inakuwa na huruma."

"Na bei?"

"Mteja wa kwanza halipi kitu."

Hapo Symphorien alijiona bingwa. Mpango ulikuwa mfupi: mama anavua, anaacha ufunguo kwenye chumba cha nje, anaingia. Mashine ya upepo inafunga mlango wa ndani kwa dakika arobaini, mpaka vumbi litulie. Rémy alikuwa amemweleza hivyo kwa fahari. Kutoka taasisi mpaka Kikula kwa baiskeli ni dakika kumi na tano. Kabla mama hajatoka, cherehani ingekuwa njiani kwenda Panda.

Kesho yake walifika saa tatu na nusu. Rémy alikuwa amenyoa ndevu, na kwa ajili ya jiwe alikuwa amekubali kumwita jirani yake docteur. Aliwapa daftari la wageni, wakaandika majina na saa, kisha akafungua kabati na kutoa nguo nyeupe kama anatoa ushungi wa bibi arusi.

Zilishonwa kwa ajili ya profesa. Na profesa, Mungu amweke salama aliko, alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Mama Clotilde aliingiza mkono mmoja. Mkono ulifika kwenye kiwiko na kukataa. Walijaribu mguu. Nguo ililia mahali fulani kwenye mshono, na Rémy akalia nayo.

"Basi," alisema Rémy. "Mama anabaki hapa, anaangalia kwa kioo. Docteur ataingia na jiwe."

"Minye?" alisema Symphorien.

"Njo weye docteur," alisema Mama Clotilde.

Kuna nyakati ambapo cheo kinamtandika mwenyewe. Symphorien hakuweza kukataa mbele ya mteja. Alivua viatu. Alivua koti. Alivua suruali, huku mama amegeuza uso kwa heshima, si sana. Akavaa nyeupe, akafunikwa kichwa, akachukua jiwe, na mlango ukafungwa nyuma yao, yeye na Rémy, kwa sauti nzito.

Ndani, Rémy alikuwa mtu mwingine. Hakutembea, aliteleza. Alimwita Symphorien kwenye hadubini. "Angalia. Hili ni vumbi moja la Likasi, limetoka kwa nyusi yako." Symphorien akaangalia. Lilikuwa kubwa kama kichuguu. Kwa dakika nzima alisahau utapeli wake, akashangaa tu.

Alipoinua kichwa, Mama Clotilde alikuwa upande wa pili wa kioo na koti lake mkononi. Alikuwa akilipima kitambaa kwa vidole viwili, kama anavyopima samaki. Kisha akageuza kiatu kuona soli.

"Rémy, fungua mulango."

"Dakika thelathini na tano."

"Rémy, fungua. Yule mama anabeba suti yangu."

"Nikifungua, vumbi linaingia. Miaka mitatu ya kufuta, Symphorien. Kwa sababu ya suti?"

Symphorien alipiga kioo kwa viganja. Mama Clotilde alimpungia mkono kwa adabu, akaonyesha kidole kwenye jiwe, akaandika kitu katika daftari, na akaenda. Kupitia dirisha la mbali baiskeli ilionekana ikisukumwa kwenda barabarani, koti juu ya kiti.

Mlango ulipofunguka, Symphorien alilifikia daftari kwanza. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, bila kosa: *Natoka saa ine kasoro kumi. Docteur iko na jiwe yangu. Minye iko na koti, patalo, bilato na kinga yake. Alete jiwe, atachukua bintu byake.*

Patalo ni suruali, bilato ni viatu, kinga ni baiskeli. Na biashara ilikuwa halali: sokoni, anayeshika mali yako, unashika yake.

"Rémy, nipe jiwe haraka."

"Jiwe gani?" Rémy alinyanyua chupa ndogo ya maji yenye rangi ya waridi, akiitazama kama mtoto wake wa kwanza. "Njo hii. Kupima ni kusaga na kuyeyusha. Na mashini haikudanganya: asilimia kumi na tatu."

Symphorien alikwenda sokoni peku, mweupe kutoka utosini mpaka vifundoni, na karatasi yenye muhuri mkononi. Watu walimpisha, walidhani ni mnyunyiza dawa ya kipindupindu. Mama Clotilde alisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani kando ya ufunguo.

"Asanti, docteur. Na jiwe?"

"Jiwe limekuwa karatasi, mama."

"Basi nitangojea mpaka likuwe tena jiwe."

Akaendelea kwa miguu mpaka Panda. Hadassa alifungua mlango, akamtazama, akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu arusi yao.

"Na mashini?"

"Iko pazuri. Imefungiwa."

"Basi," alisema Hadassa, akijifuta macho, na akafunga mlango taratibu.

Gharama ni hizi. Cherehani moja. Suti moja ya kijivu. Viatu jozi moja. Baiskeli moja. Jiwe la watu, moja. Kilomita kadhaa za barabara ya mawe, bila soli. Na mke mmoja, ambaye mpaka mvua ziliponyesha alikuwa bado Panda.