Mke Wangu, Mfano wa Bidii

Jumatatu, 6 Machi 1662. Dordrecht.

Habari njema kutoka nyumba ya yatima! Mabibi wasimamizi wanataka picha ya mwanamke mwenye bidii nyumbani, itundikwe katika chumba ambamo wasichana hujifunza kushona. Watachagua Jumamosi. Wametuambia wachoraji wawili tu: mimi, na Wouter wa ng'ambo ya mfereji, ambaye hujua kuchora vitambaa, na watu pia huwachora kama vitambaa.

Mimi sina haja ya kutafuta mfano. Ninaye ndani. Mke wangu Machteld husugua kizingiti chetu mpaka mtu anaona haya kukikanyaga. Tena kalelewa katika nyumba ile ile ya yatima. Miaka tisa alishona mbele ya ukuta ule ule. Nilipomweleza alifuta mikono kwenye aproni, akauliza kama ni kweli uso wake utakaa pale. Nikasema utakaa. Akaenda kuchagua kofia. Nampenda sana mwanamke huyu. Na Wouter kwisha habari yake.

Jumanne, 7 Machi.

Tatizo. Machteld hatulii. Nachora mkono ulioshika ufagio, nikiinua macho mkono uko ndani ya sufuria. Nachora sufuria, mwenyewe yuko uani anaanua shuka. Nikamwambia kwa upole kwamba siwezi kumchora akifanya kazi iwapo anafanya kazi. Akauliza kazi yenyewe itafanywa na nani. Nikasema, na mimi. Alicheka hadi akashika meza.

Tumekubaliana. Kuanzia kesho yeye kusimama, mimi nyumba. Si kazi kubwa. Nimeiona ikifanywa miaka yote hii.

Jumatano, 8 Machi.

Supu ya njegere imeungua chini na bado ni mbichi juu. Sijui imewezaje. Nikasugua kizingiti kwa sabuni nyingi, nikasahau kumwagia maji. Muuza maziwa akateleza, akaingia mpaka sebuleni bila kupiga hodi. Majirani walitoka kutazama. Wouter aliniuliza kutoka dirishani mwake kama napokea na kazi za nyumba nyingine.

Machteld kasimama na ufagio tangu asubuhi. Analiona vumbi chini ya kabati na haruhusiwi kuligusa. Amesema hata mhubiri wetu, anayeijua jehanamu kona kwa kona, hajawahi kutaja adhabu kama hii.

Alhamisi, 9 Machi.

Nimekwenda kwa Wouter kuazima mafuta ya kuchanganyia rangi. Yaani kupeleleza. Ana sanamu ya mti yenye viungo vya kukunjika! Kaivika gauni na kofia, kaikalisha mbele ya mto wa kufumia lesi. Haili, haichoki, haikimbilii sufuria. Nilicheka njia nzima.

Nyumbani nikamkuta Machteld mgongo unamuuma. Nikampa ruhusa aketi kidogo tu. Akavua viatu vyake vya mti, akaweka miguu juu ya kijisanduku cha makaa apate joto. Kiatu kimoja kikapinduka. Ufagio nikauegemeza ukutani, ukaanguka, mwanga wa dirisha ukaulalia vizuri ajabu, nikauacha hapo hapo. Nilipogeuka Machteld alikuwa amesinzia. Siku mbili za kusimama, maskini! Sikuthubutu kumwamsha. Sijawahi kuona uso mzuri namna ile, na mimi huchora ninachokiona. Nikamfuta yule aliyesimama, nikaanza upya. Paka akapanda mezani akachukua samaki wa chakula cha mchana. Nikamchora na paka, maana alikaa vizuri kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Nasema hivyo bila majivuno.

Jumamosi, 11 Machi.

Machteld alibaki nyumbani kuondoa athari za utumishi wangu. Picha hajaiona. Nilimwambia nataka aione kwanza ukutani, ili aifurahie zaidi.

Bi Aleida, mkubwa wa wale mabibi, akafunua kitambaa. Akanyoosha kidole. Ufagio chini. Kiatu kimepinduka. Paka na samaki. Mwanamke usingizini. Akasema hajawahi kuona uvivu uliochorwa vizuri kiasi hiki.

Nikamwambia huyo si mvivu, ni mke wangu, mwanamke mwenye bidii kuliko wote wa mtaa wetu, amepumzika tu. Akasema mtoto wa miaka sita wa mji huu anajua kusoma kiatu kilichopinduka kwenye picha: kiatu nje ya mguu, adabu nje ya mlango. Akaniuliza nilidhani kinamaanisha nini. Nikasema nilidhani ni kiatu.

Wamezichukua zote mbili. Ya Wouter ya kuigwa, yangu ya kuonya. Zitatazamana, ukuta kwa ukuta. Mke wangu kutundikwa pale alipolelewa, awe funzo la wasichana wasiofaa! Nilipofika nyumbani akauliza kama imekubaliwa. Nikasema ndiyo. Akalia kwa furaha. Nami nikalia.

Jumatatu, 13 Machi.

Mpango: kuingia chumba cha kushonea wakati wasichana wako mezani, kufuta kiatu, kuusimamisha ufagio na kumfumbua macho mke wangu. Dakika kumi. Burashi mbili mfukoni.

Wasichana hawakuwa mezani. Walikuwa wameizunguka picha, na katikati yao, amevaa kofia yake ya Jumapili, alikuwa Machteld. Hakuweza kungoja.

Msichana mmoja alikuwa anamuuliza kama yule ni yeye. Akajibu ndiye. Mwingine akauliza kama ni kweli ni mvivu, maana Bi Aleida kawaambia hivyo. Machteld akasema ameamka kabla ya jogoo miaka ishirini, na hiyo ndiyo siku pekee aliyoachwa alale. Wasichana wakageuza mabenchi yao yote upande wake. Yule wa Wouter walisema anatisha, kama hana damu.

Nikamvuta pembeni, nikaomba radhi, nikamwonyesha burashi. Akataka kujua jambo moja: aliposinzia, nilianza kumfunika shali au nilianza kuchora. Nikasema kweli, nilianza kuchora. Akaninyang'anya burashi zote mbili.

Kisha akasema niiache. Zamani zake ukuta ule ulikuwa na picha ya bibi mkavu aliyewatazama kana kwamba kila uzi ni mali yake, na yeye miaka tisa hakuthubutu kuinua kichwa. Hawa nao wapate mtu wa kusinzia naye. Nikambusu mbele ya yatima arobaini. Walishangilia.

Alhamisi, 16 Machi.

Nilijua tangu mwanzo kwamba picha ile itapendwa. Ndiyo maana niliichora vile.

Sasa Bi Aleida mwenyewe ameniagiza nimchore, nyumbani kwake, kwa ajili ya ukumbi wa mabibi. Amesisitiza heshima. Amekuwa mjane miaka kumi na mmoja sasa, na ukumbini huingia wahubiri. Machteld kaniomba safari hii nimuulize kabla ya kuweka kitu chochote mezani. Hakuna haja. Nimekwisha kuamua: chaza wa baharini, sinia zima, wamefunguliwa makombe, wanang'aa kwa maji. Hakuna kinachopokea mwanga kama chaza. Muuzaji sokoni aliponiona nachukua kapu zima alinikonyeza, akasema mke wangu atamshukuru kesho asubuhi. Sijui kwa nini, Machteld hali chaza.

Nilipofika nalo nyumbani Machteld akaniuliza kama najua chaza mezani kwa mjane maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni chaza. Akasema asiyejua maana haambiwi maana, akaenda jikoni, na kutoka huko namsikia anacheka peke yake. Tunaanza Jumatatu.