Vita vya Mlango wa Chumbani

Njooni, enyi mnaokunja nguo huku mmebana simu begani. Njooni nanyi mabwana, acheni kidogo mnachofanya, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa kwa ufunguo mmoja. Mwenyezi Mungu, mwenye kuwatia nguvu wanyonge, auongoze ulimi wangu, maana jambo ni zito nami si msemaji.

Palikuwa na mwanamke hodari, Mpanga Safari, malkia wa malori, ambaye kwa kidole kimoja juu ya kompyuta aliyatuma magari ya dawa milimani na nyikani bila kutoka nyumbani kwake. Mumewe, Mchora Ramani, naye alifanyia kazi nyumbani. Lakini ole! Mume alijifungia chumbani, na nyumba nzima ikanong'ona: "Baba yuko kazini." Mke alikaa kwenye meza karibu na jiko, na aliyeulizwa habari zake alijibu: "Mama? Yupo tu."

Kwa maneno hayo mawili, yupo tu, alishambuliwa kila siku na majeshi ya sufuria, ya soksi zilizopotea, ya jirani aliyeomba aangaliziwe nguo zisije zikanyeshewa.

Ikafika asubuhi ya kikao cha mtandaoni cha kumchagua mkuu wa kitengo. Bosi alikuwa ameshanguruma: "Nataka mtu ninayemwona hapa ofisini. Hao wa nyumbani, nani ajuaye wanafanya nini?" Vurugu kidogo tu za jikoni, na cheo kingemwangukia mwenzake anayekaa jirani na bosi.

Ndipo shujaa wetu, mumewe akiwa bado anapiga mswaki, akasali sala fupi, akaikumbatia kompyuta yake kama ngao, akaingia chumbani na kuugeuza ufunguo. Kra! Kuta zikatetemeka, au pengine lilikuwa friji.

"Mama watoto!" akapaza sauti mume, povu mdomoni. "Fungua, nina kazi!"

"Nami niko kazini, bwana."

"Sasa mimi nikae wapi?"

"Pale mezani. Kuna upepo mzuri."

Mara akatokea mama mkwe, jemadari mkongwe, na ungo wa mchele. "Mkwe wangu, toka unisaidie kuchambua."

"Niko kazini, mama."

"Kazini wapi, na kandambili zako hizi hapa mlangoni?"

Loo! Kipaza sauti kilikuwa wazi, na kikao kizima kilisikia. "Mnaona sasa?" akasema bosi.

Huko nje mume akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. "Mama, mwache, ana kikao. Lete huo ungo. Leo wa 'yupo tu' ni mimi."

Kikao kikaangua kicheko. Shujaa hakucheka. "Bosi," akasema, "katika kelele hizo ndimo nilimopangia malori yako mwaka mzima. Nitajie lori langu moja lililochelewa."

Bosi akakuna kichwa, akatazama dari, akauliza wenzake, akakuna tena. Halikupatikana. Cheo akapewa, naye akamshukuru Mungu kwa machozi.

Alipofungua mlango, mwanawe alikuja mbio. Akampita mama yake kama mshale, asimtazame, akaenda moja kwa moja mezani.

"Baba, soksi yangu nyingine iko wapi?"

Na iandikwe, vizazi vijavyo visome: siku hiyo, Baba aliitafuta.