Kuhusu Mashine Iliyonituhumu kwa Kosa la Kuua

Kituo cha Kutafuta Jamaa Waliopoteana,
Ujiji.
Julai 2006

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka Ujiji, ambako sisi ni wazima, ziwa lipo mahali pake na umeme huja unapojisikia. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa uchungu ambao heshima hizo zinajitahidi kuufunika, kuhusu fundi wa tovuti mliyetuletea, Bi. Dorotea, na kitu anachokiita "kuiruhusu mashine iseme makosa yake".

Kama unavyojua, tovuti yetu hutafuta watu waliopoteana wakikimbia vita vya ng'ambo ya ziwa. Mtu anakuja kaunta, karani anaandika jina, mashine inajibu. Fundi aliyemtangulia Dorotea alikuwa mtu wa adabu. Aliiwekea mashine mipangilio kwamba ikishindwa jambo isinung'unike. Ilete ukurasa mweupe tu, safi kama kanzu ya Idi. Tukiuona ukurasa mweupe tunamwambia mteja jamaa yake hajapatikana, avumilie. Watu walivumilia vizuri sana. Sikuwahi kupata lalamiko hata moja, na ripoti zangu za kila robo mwaka unazo.

Ndipo akaja Dorotea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla hata hajamaliza chai ya kukaribishwa, alifungua faili la mipangilio akaamuru makosa yote yaonekane kwenye kioo, makubwa kwa madogo. Kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza, akajipa na kazi ya kuyatafsiri ili makarani waelewe. La chini kabisa akaliita "Taarifa". La kati akaliita "Onyo". Ndugu Mkurugenzi, mimi nimeazimwa kwenu na serikali. Onyo nalijua, na najua kwamba yakizidi mtu hufungasha virago. Asubuhi hiyo pekee mashine ilinipa maonyo ya kujaza kioo juu hadi chini, mbele ya mama anayetupikia chai.

2. Kosa la juu kabisa, lile linaloufanya ukurasa ufe, alilitafsiri "Kosa la kuua". Anasema ndivyo Kiingereza kinavyosema. Sasa siku ileile akaingia Mama Bibiana, muuza dagaa wa Kibirizi, aliyempoteza binti yake Elida katika purukushani za kupanda mitumbwi kule Fizi, ng'ambo ya ziwa, binti akiwa wa umri wa kutumwa maji. Huja kwetu kila anapomaliza kuuza. Karani akaandika: Elida M'mbondo. Badala ya ukurasa mweupe ambao mama ameshauzoea, kioo kikaandika KOSA LA KUUA, kikataja jina la faili na namba ya mstari, kana kwamba kinatoa anwani ya mtuhumiwa. Mama anajua kusoma. Alisoma, akanigeukia: "Mukubwa, mashini inasema muliua nani?" Ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu waliokimbia mauaji ya kweli. Wote wakanitazama. Nilijibu kwamba ni suala la kiufundi, na sikuona aliyeridhika.

3. Nilimwagiza Dorotea azime kitu chake. Alitii, kwa namna yake. Alizima maneno ya kwenye kioo, akasema hata hivyo si vizuri umma kuyaona. Lakini chinichini akawasha kingine: kila kosa sasa linaandikwa kwenye faili, pamoja na tarehe, mstari, na jina lililoandikwa na karani. Yaani mashine inatabasamu mbele ya wageni, wakigeuka inaniandika! Katika ofisi zote nilizowahi kukalia kiti, kosa hupitia kwanza kwa mkuu wa kituo, naye hulilaza mezani mpaka lisahaulike. Mashine hii haikupitisha kwangu hata kosa moja.

4. Alipolisoma hilo faili, Dorotea akadai ugonjwa ni kile kialama kinachoning'inia kwenye majina kama M'mbondo, kilekile cha kwenye neno ng'ombe. Eti mashine ikikiona hudhani jina limeishia hapo, kisha hukabwa na herufi zilizobaki na kufa. Majina ya namna hiyo ni mengi kwa watu wa ng'ambo. Mimi mwenyewe ni Ng'wandu, nimezaliwa na kialama changu kule Shinyanga na hakijanikaba hata siku moja. Nikashauri kwamba wakimbizi waombwe kubadili majina, maana wao ni wasikivu kuliko programu. Akarudi kusoma faili lake. Nimemzuia kurekebisha chochote mpaka nipate jibu lako.

5. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Faili halikuandika wanaotafuta peke yao. Liliandika na waliokuja kujiandikisha ili watafutwe. Humo limo jina la Elida M'mbondo. Siku chache zilizopita alirudi kwenye kaunta yetu nyingine, ile ya kambi ya wakimbizi, wala haikuwa mara yake ya kwanza, akaandikishwa upya, mashine ikafa, ukaja ukurasa mweupe. Karani wa kule, kwa kuwa hakuona kosa lolote, alimwambia tayari, umeshaingia, ngoja mama yako akutafute. Kwa hiyo ukurasa uleule kambini ulimaanisha "yupo", na Ujiji ulimaanisha "hayupo". Huo ni utata mdogo wa lugha, hutokea. Lakini kulikuwa na haja gani ya kuuandika? Mama alishazoea kusubiri, binti alishazoea kusubiri, kituo kilikuwa kimetulia. Sasa Dorotea amepiga simu kambini, na watu hawa wataambiwa kwamba miaka yote hawakuwa wakisubiriana wao kwa wao. Walikuwa wakitusubiri sisi. Kitumbua chetu kimeingia mchanga.

Kwa hayo, naomba mashine irudishiwe ukimya wake wa zamani. Kama ni lazima iandike, basi iandike mafanikio tu, kama sisi wengine tunavyofanya. "Kosa la kuua" lisomeke "hitilafu ndogo ya muda". Na Dorotea, ambaye kipaji chake sikitilii shaka, apelekwe kituo kisicho na kompyuta.

Nisalimie wote hapo makao makuu: mhasibu, dereva, na yule mama wa mapokezi ambaye simu yangu hukatika mikononi mwake.

Wako katika kazi na utulivu,
Pastory Ng'wandu
Mkuu wa Kituo

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa nilipoitwa kaunta. Elida ameletwa na gari la kambini. Ni mwanamke mzima sasa, ana mtoto mgongoni. Mama Bibiana alifuatwa akiwa anaanika dagaa, akaja hivyo hivyo, akasimama mlangoni akashindwa kuingia mpaka binti alipomfuata. Walipomaliza kulia, mama alinishika mkono. "Aksanti, Mukubwa," akasema. "Ulisema nivumiliye, nikavumiliya." Niliona haya, Ndugu Mkurugenzi.

Nilirudi mezani nikaandika Ng'wandu pale pa kutafutia. Ukurasa ulikuja mweupe.

Basi maombi yangu yote yafutwe. Nimemruhusu Dorotea aanze kurekebisha bila kusubiri jibu lako. Faili lina majina mengine mengi, na tumeanza kupiga simu. Kuhusu lile neno, mimi niliwahi kufundisha Kiswahili, na nimelipima upya. Liachwe hivyo hivyo, Kosa la kuua. Tafsiri ni sahihi.