Sauti ya Pazia Haikosei

Jumatatu, 4 Novemba

Habari kubwa ubaoni! Mama Mkuu anang'atuka. Karatasi imebandikwa kwa pini nne, si moja kama kawaida, nikajua kabla ya kusoma kwamba si tangazo la viatu vilivyopotea. Mwanzilishi wa shule yetu ya sanaa za watoto anaondoka mwisho wa mwezi. Anasema ni magoti. Kamati ya wazazi itachagua mkuu mpya Jumamosi hii, mara tu baada ya onyesho la mwisho wa mwaka.

Walimu wa kudumu tuko wawili. Mimi, maigizo, miaka kumi na minne katika ghala hili lililokuwa la viatu, ambalo mvua ikinyesha bado linanuka gundi. Na mwalimu wa dansi, miaka mitatu, tunayemwita Visigino kwa sababu viatu vyake husikika dakika nzima kabla yeye hajaonekana. Mwenye akili timamu haoni mashindano hapo.

Ila mkuu ndiye hupanga ratiba. Visigino akizipata funguo za Mama Mkuu, maigizo yatabaki saa moja kwa wiki, nami nitakuwa mtu wa kufungua na kufunga madirisha. Sina kazi nyingine ninayoijua. Nimeliandika hilo nikajisikia vibaya, kwa hiyo sitaliandika tena.

Visigino alisoma tangazo akalia mbele ya wazazi. Mbinu! Nikaenda msalani nami nikajaribu. Nikamfikiria marehemu mama. Nikamfikiria marehemu baba. Halikutoka hata tone. Nikajipaka sabuni machoni. Mzazi mmoja akanishauri nikamwone daktari.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza. Asubuhi na mapema, kabla Mama Mkuu hajafika, nimebadilisha ratiba ya vyumba. Maigizo, ukumbi mkubwa. Dansi, stoo ya viti. Nikamweleza Visigino kwamba ni kwa ajili ya onyesho. Akanishukuru! Akasema afadhali kuna mtu ameanza kulifikiria onyesho.

Kisha akawatoa watoto nje akawachezesha uani, karibu na lango, pale wazazi wanaposubiri. Nikiwa ukumbini nikasikia makofi. Wanakamati watatu walikuwapo, akiwemo mwenyekiti, yule mwenye duka la dawa, ambaye sijawahi kumwona akipiga makofi tangu nimfahamu. Darasa langu lote likakimbilia dirishani. Nami nikaenda. Walicheza vizuri sana. Inauma.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango wa pili. Nimeandika barua ya sifa, jina nikaweka "Mzazi Mwenye Uchungu na Shule", nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Nilijisifu kwa kiasi. Aya tatu tu.

Mchana Mama Mkuu akaniita ofisini. Barua mezani. Alisema amesoma mwandiko wangu kwa miaka kumi na minne, na kwamba mzazi huyo angetaja pia jinsi ninavyochelewa kila Jumatatu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Halafu akaniambia nifunge mlango. Si magoti. Daktari amemweleza mambo, na mwaka ujao hana uhakika nao. Hapa shuleni hajamwambia mtu mwingine, amenikataza kusema, wala hataki watoto wajue. Ameniambia mimi kwa sababu mimi ndiye wa zamani kuliko wote. Mkono wake ulikuwa juu ya funguo zake, zile saba kwenye kamba nyekundu. Huyu ndiye aliyenipa kazi siku niliyokuja kwenye usaili na viatu vya kuazima. Nikasema pole. Machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, na hapakuwa na mzazi hata mmoja wa kuyaona.

Alhamisi, 7 Novemba

Matubwitubwi! Mtoto wa mwenyekiti, ambaye ndiye Mfalme katika mchezo, ameamka mashavu yamefura. Zimebaki siku mbili. Mama Mkuu ameamua mwenyewe: Mfalme atakuwa Kitinda.

Kitinda ni binti yangu wa mwisho. Miaka minane. Nyumbani huzungumza na cherehani ya mama yake. Shuleni ni kimya kama maji mtungini, na kwa misimu miwili amekuwa akiigiza mlango. Nilipinga. Mama Mkuu akasema mlango husikia kila kitu, na mtoto huyu anayajua maneno ya wote. Akasema pia kwamba angependa kuisikia sauti yake kabla ya kuondoka.

Basi nikamkalisha nikamfundisha kanuni ya darasa langu, ambayo kila mtoto huiapa siku ya kwanza. Ukisahau, usigeuke, usilie, usifikiri. Sema kwa nguvu kila neno litakalotoka nyuma ya pazia, ambako mimi hukaa na kitabu cha mchezo. Sauti ya pazia haikosei. Kitinda akauliza, hata ikisema jambo la ajabu? Nikamwambia hata hivyo.

Si haba. Baba wa Mfalme, mbele ya kamati nzima!

Ijumaa, 8 Novemba

Mama watoto ameshona joho la Mfalme kwa pazia letu la sebuleni. Anasema mtoto hajala tangu jana, na kwamba ingefaa nikae naye, tupitie maneno pamoja. Nikasema nikimaliza hotuba ya kukubali cheo. Nimefika ukurasa wa sita. Akanikumbusha kwamba mpanda ngazi hushuka. Nikamjibu kwamba mimi nikifika juu naiondoa ngazi. Akaniuliza nitashukaje. Wanawake hupenda maswali.

Jioni Visigino akanifuata darasani. Alijitolea kukaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo, ili mimi niketi mbele nimtazame binti yangu kama baba wengine. Mtego! Mtu akitazama tu anaonekana hana kazi. Nikakataa kwa adabu zote. Aliondoka polepole, nikavihesabu visigino hadi langoni.

Hotuba, kurasa tisa. Na Kitinda, nilipokumbuka, alikuwa ameshalala.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika usiku, wenzangu wamelala.

Ukumbi ulijaa. Kamati safu ya mbele, Mama Mkuu katikati yao, funguo shingoni. Mimi nyuma ya pazia, kitabu cha mchezo gotini. Kando yangu mlinzi, ambaye siku ya onyesho kazi yake ni kuvuta kamba. Mlinzi ana sikio moja bovu. Kumnong'oneza ni kazi, lazima uinue sauti.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Kitinda alitoka na joho lake akasema maneno yake, kwa sauti ndogo, lakini aliyasema yote. Nikatulia. Kutulia ndiko kulikoniponza. Nikafunika kitabu, nikachungulia kwenye tundu la pazia kuiangalia kamati. Mwenyekiti alikuwa anasinzia. Mlinzi akaniuliza kama nina matumaini. Swali gani hilo, kumuuliza mtu mwenye kurasa tisa mfukoni?

Wakati huohuo Kitinda alifika pale ambapo Mfalme asiyepata usingizi anauliza: nani amelala katika ufalme wangu? Akasahau kinachofuata. Mimi sikumsikia. Mdomo wangu ulikuwa kwenye sikio la mlinzi.

Nikamwambia mwenyekiti amelala kama gunia la chumvi. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikadhani ni yule mtoto aliyepewa nafasi ya mlango ameanguka. Nikaendelea, nikamwambia Visigino anajua kurukaruka tu, na hata mbuzi hurukaruka. Kicheko tena, kikubwa zaidi. Nikafurahi, kumbe mchezo niliouandika unachekesha hivi! Na kwa furaha hiyo nikamwambia lile nililokatazwa kumwambia mtu. Kwamba Mama Mkuu ni mgonjwa, mwaka ujao haufikii, bora watupe funguo mapema.

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaisikia. Sauti ambayo sijawahi kuisikia maishani, kubwa, safi, inayofika hadi ukuta wa nyuma. Mama Mkuu ni mgonjwa! Mwaka ujao haufikii! Bora watupe funguo mapema! Neno kwa neno. Mkono mmoja ameunyoosha mbele, kama nilivyomfundisha.

Kupitia tundu la pazia nilikiona kisogo chake na pindo la joho. Hakugeuka. Hakulia. Alikuwa anasubiri neno linalofuata, nami sikuwa nalo. Kitabu kilikuwa sakafuni. Alisubiri mpaka nikaona mabega yake yanaanza kupanda na kushuka.

Kilichotuokoa ni visigino. Ko, ko, ko, akawaingiza wachezaji wake jukwaani kabla ya zamu yao, akamshika Mfalme mkono wakazunguka naye. Mama Mkuu akasimama. Akampigia makofi mtoto, peke yake kwanza, na kwa muda mrefu.

Jumapili, 10 Novemba

Visigino alichaguliwa jana kwa kura zote. Hotuba imebaki mfukoni, imeloa jasho.

Jana tuliporudi nyumbani Kitinda aliniuliza kama aliyasema yote sawasawa. Nikamwambia hakuacha hata neno moja. Ni kweli. Akala sahani mbili na akazungumza na mimi, si na cherehani. Nilipaswa kufa kwa aibu, na badala yake nikawa baba mwenye furaha kwa muda wa chakula kimoja.

Leo mchana watoto wa jirani wamemweleza ni nini hasa alichokisema. Amekuja kuniuliza kama Mama Mkuu ni mgonjwa kweli. Nikamwambia sauti ya pazia ilikosea. Akanitazama. Akasema mimi ndiye niliyemwapisha kwamba haikosei, hata ikisema jambo la ajabu. Kwa hiyo Mama Mkuu atakufa, na yeye ndiye aliyemwambia mbele ya watu.

Nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Mwalimu wa maigizo mzima! Akaenda akaketi kando ya cherehani. Hakuisemesha. Mama watoto hajaniuliza swali lolote leo, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefika mapema. Jumatatu ya kwanza kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyeniona.

Mama Mkuu alikuja kukabidhi funguo, hakungoja mwisho wa mwezi. Hakunisalimu, wala hakuninyima salamu, alinipita tu kama mtu anayepita karibu na kabati. Kisha akamwinamia Kitinda, kwa shida, maana magoti nayo ni mabovu kweli. Alimwambia kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya maneno, na maneno ya mtoto hayaui mtu. Akamwambia pia kwamba sauti yake ndiyo aliyokuwa akiingoja. Kitinda akaitikia kwa kichwa. Baadaye akaenda kwa mkuu mpya kuomba arudishwe kuwa mlango.

Ratiba imetoka. Nilijiandaa kupewa saa moja kwa wiki. Visigino ameniachia saa zangu zote na kuniongezea moja! Alisema watoto wanahitaji maigizo, na kwamba mimi ni mwalimu mzuri siku ninazowafikiria watoto. Kuhusu mbuzi hakusema lolote. Nikaenda msalani nikakaa. Nililia kidogo. Sikuhitaji sabuni.

Basi nimejifunza. Naliandika hapa ili nisije nikasahau: kosa langu lilikuwa kumchagua mlinzi mwenye sikio bovu.

Maana chini ya ratiba kulikuwa na karatasi ndogo, pini moja. Visigino anahitaji naibu. Wazazi wanakaribishwa kuandika maoni yao na kuyaweka sandukuni, kabla ya Ijumaa.

Mwandiko wangu unajulikana. Mama watoto hatakubali, nimeuona uso wake. Nimefikiri sana tangu nirudi. Kitinda ana mwandiko mzuri kuliko wote hapa nyumbani, na hakuna anayeujua. Tena tangu jana hapa nyumbani hasemi na mtu.

Nimemwita mezani. Amekuja na kalamu yake, ameketi, ameinamisha kichwa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, asifikiri. Nitasoma polepole, yeye aandike kila neno.